Ndege ilifunga breki ikiwa mbioni kupaa: je, tuliponea chupuchupu?

SWALI: "Shikamoo mtaalamu. Wiki mbili zilizopita nilisafiri kwa ndege na mwanangu wa miaka saba. Ndege ilipoanza kukimbia ili ipae tulikuwa tunahesabu pamoja, maana kuhesabu humpunguzia hofu. Tulipofika kumi na sita ikafunga breki kwa nguvu, mikoba ikateleza sakafuni, injini zikanguruma kuliko mwanzo, watu wakapiga mayowe. Ikasimama palepale njiani. Dakika kadhaa zikapita hatujaambiwa lolote isipokuwa 'bakini kwenye viti vyenu'. Kukawa na harufu ya kuungua na magari ya zimamoto yakaja kuzunguka magurudumu. Baadaye rubani akatangaza kuwa kulikuwa na taa ya tahadhari, na kwamba tunarudi maegeshoni. Tulikaa ndani karibu saa mbili kwa joto kali, kisha tukashushwa. Tulipoondoka, saa sita zilikuwa zimepita. Ndege ilikuwa ileile, ila marubani walikuwa wengine. Tulikuwa karibu kufa kiasi gani? Kwa nini hawakuikagua mapema? Kama tatizo lilikuwa dogo, mbona saa sita, na kama lilikuwa kubwa, mbona ndege ileile? Je, marubani wa kwanza walikataa kuirusha? Nina haki ya fidia? Safari yetu ya kurudi ni mwezi ujao. Mwanangu anasema hapandi, na mimi mwenyewe nasitasita."

JIBU: Marahaba, na poleni sana wewe na mwanao.

Swali lako la kwanza ndilo linalobeba mengine yote, kwa hiyo nilijibu bila kuzunguka. Kwa maelezo uliyonipa, hamkuponea chupuchupu. Mlipata mshtuko mkubwa katika jambo ambalo marubani hulifanyia mazoezi mara kwa mara kwenye mitambo ya kuigiza urukaji, na ambalo kila aina ya ndege hupimwa kama inaliweza kabla haijaruhusiwa kubeba abiria. Sisemi hivi ili kukubembeleza. Ipo namna ya kukatiza kuruka ambayo ni ya hatari kweli, nitakueleza, na utaona kwa nini yenu haifanani nayo.

Kule kuhesabu kwenu kumenisaidia kuliko unavyodhani. Ndege ya abiria ya ukubwa wa kati, ikiwa mbioni kupaa, huongeza kasi kwa takriban kilomita saba hadi tisa kwa saa katika kila sekunde. Sekunde za mwanzo huwa pungufu ya hapo kwa sababu injini zinakuwa bado hazijafika nguvu kamili. Ukizidisha kwa kumi na sita, na ukikumbuka kwamba mtoto mwenye hofu huhesabu haraka kuliko saa ya ukutani, unapata kasi isiyozidi kilomita 150 kwa saa, na huenda ilikuwa chini ya 120. Ndege kama hiyo huinua pua ikiwa kati ya kilomita 240 na 280 kwa saa. Haya ni makadirio yangu, jibu kamili limo kwenye kinasa data cha ndege. Lakini tofauti ni kubwa mno kiasi kwamba hata nikikosea kidogo picha haibadiliki: hamkuwa "karibu kupaa" kama wengi wenu mlivyohisi pale ndani.

Kwa nini basi mlihisi hivyo? Mkanda wa abiria hushika nyonga tu, kwa hiyo breki kali humtupa mtu kifua na kichwa mbele. Huoni barabara iliyobaki mbele yako, unaona majani yanapita pembeni. Na ule mngurumo uliozidi wa mwanzo haukuwa dalili ya kuharibika: wakati wa kusimama rubani hugeuza mkondo wa hewa ya injini uelekee mbele ili usaidie kupunguza mwendo, na kelele yake ni kubwa kweli. Juu ya mabawa nako mabamba husimama wima yakikata ile nguvu ya kunyanyua, ili uzito wote wa ndege uangukie magurudumu na breki zipate kushika. Katika ndege nyingi kuna pia breki za kujiendesha ambazo marubani huzitega kabla ya kuondoka. Kasi ikishavuka kiwango fulani, rubani akirudisha tu vishikio vya nguvu za injini, zinakaba zenyewe kwa nguvu zote. Ndiyo maana hakuna kupunguza mwendo polepole. Kukatiza kuruka hufanywa kwa ukali makusudi, hata pale ambapo njia iliyobaki ni ndefu, kwa sababu rubani hana haja ya kuanza kukisia mita.

Sasa tufike kwenye kiini chenyewe.

Kabla ya kila safari marubani hukokotoa kasi kadhaa kwa ajili ya ndege ile, siku ile, njia ile. Huingiza uzito, joto la hewa, upepo, urefu wa njia na kama imelowa au imekauka. Kasi ya kwanza huitwa V1. Hata wapenzi wa ndege husema kwamba V1 ndipo rubani anapoamua asimame au aende. Ukweli ni mkali zaidi ya hapo. V1 ni ukomo: ndege inapofika hapo, rubani anayetaka kusimama anatakiwa awe ameshaanza kutenda. Akisikia V1 imetamkwa na hajagusa kitu, safari inaendelea, hata kama injini moja imezimika. Katika mashirika mengi nahodha huondoa kabisa mkono wake kwenye vishikio vya nguvu pale V1 inapotamkwa, ili mwili usije ukafanya kitu ambacho akili imekwisha kukataa.

Hesabu hii imefungwa pande zote mbili. Ukianza kusimama kabla ya V1, njia inakutosha. Ukipoteza injini baada ya V1, injini iliyobaki inatosha kukupandisha, na kwenye njia kavu sheria za usanifu zinadai ndege ifikie angalau mita 10 na ushei juu ya ardhi inapovuka mwisho wa njia. Katika kukokotoa umbali wa kusimama huongezwa pia umbali sawa na sekunde mbili za mwendo wa V1, kama akiba. Na kuna jambo ninalolipenda katika kanuni hizi: kwa njia kavu, msaada wa injini zilizogeuzwa hauhesabiwi kabisa. Breki na mabamba lazima yatoshe peke yake. Ile kelele iliyokuogofya ilikuwa nyongeza.

Chini ya V1 nako kuna mpaka mwingine, kwenye kilomita 150 kwa saa kwa ndege za Boeing, na kama 185 kwa za Airbus. Rubani asiyeshika usukani huutamka kwa sauti kasi inapofika. Kabla ya mpaka huo marubani wanaruhusiwa, tena wanahimizwa, kusimama kwa sababu nyingi, hata ndogo: taa ya tahadhari, mlango unaoonyesha haujafungika vizuri, mlio usioeleweka, tairi, kasi isiyopanda inavyotakiwa, mnara wa kuongozea ndege kuwaambia wasimame kwa sababu njia haiko wazi. Baada ya mpaka huo orodha hufupishwa ghafla. Hubaki moto, injini kufa, onyo la upepo unaogeuka ghafla mbele, na hali ambayo rubani anaona wazi kwamba ndege haitaweza kuruka au si salama kuirusha. Mengine yote hupandishwa angani na kushughulikiwa huko juu, ambako kuna muda.

Ndege nyingi za kisasa zimejengwa kuufuata mpaka huo. Zikishafika kasi hiyo huzima kwa muda taa na milio ya maonyo madogo hadi ziwe zimepanda, ili rubani asije akakatiza kuruka kwa jambo lisilo na uzito. Ndiyo sababu tangazo la rubani wenu linaendana na hesabu yenu. Kama ilikuwa taa ya tahadhari ya kawaida, basi karibu bila shaka iliwaka mapema, mkiwa bado kwenye mwendo ambao kusimama ndiyo kanuni.

Hapa lazima nirekebishe wazo ambalo abiria wengi wanalo, na nahisi liko pia nyuma ya swali lako: kwamba kusimama ni salama daima na kupaa na hitilafu ni kucheza kamari. Kwenye kasi kubwa mambo hugeuka. Nishati ambayo breki zinatakiwa kuimeza haikui sambamba na kasi, hukua kwa kipeo cha pili. Ndege ileile ikisimamishwa kutoka kilomita 260 kwa saa hutoa joto mara tatu ya ile iliyosimamishwa kutoka 150, na njia iliyobaki ni fupi zaidi. Mwaka 1982 huko Málaga, Hispania, mpira wa tairi la mbele la ndege ya DC-10 ya shirika la Spantax ulibanduka na kuleta mtikisiko mkali. Nahodha alikatiza kuruka pua ikiwa imeshaanza kunyanyuka. Ndege ilipita mwisho wa njia, ikaungua, na watu 50 kati ya 394 wakafa. Tairi bovu peke yake lisingewaua.

Kuna upande wa pili pia. Mwezi Machi 2017, kwenye uwanja wa Willow Run jimboni Michigan, ndege ya MD-83 iliyokodiwa ilipita V1, na rubani alipovuta usukani pua haikunyanyuka, kwa sababu upepo mkali ulikuwa umeharibu bawa la mkiani ndege ilipokuwa imeegeshwa. Alisimamisha. Ilipita mwisho wa njia na kuharibika vibaya upande wa chini, lakini watu wote 116 walitoka hai, na wachunguzi wa Marekani walimsifu kwa kufanya vile kwa sababu ndege ile isingeruka kamwe. Kanuni ya V1 ina mlango mmoja tu wa kutokea, na aliutumia.

Na matukio haya hayatokei kila wakati. Utafiti wa mafunzo ya usalama wa kuruka uliofanywa Marekani na mamlaka ya usafiri wa anga pamoja na watengenezaji wa ndege ulikadiria kwamba kuruka hukatizwa mara moja katika takriban safari 3,000. Kiasi cha asilimia 76 hukatizwa kwenye kilomita 150 kwa saa au chini ya hapo. Zinazokatizwa juu ya kilomita 220 ni kama asilimia 2 tu, na humo ndimo ajali nyingi zinamotoka. Rubani wa safari fupi, anayeondoka mara 80 kwa mwezi, hukutana na jambo hili kwa wastani mara moja katika miaka mitatu. Wa safari ndefu anaweza kustaafu bila kulikuta nje ya mtambo wa mafunzo.

Ule ukimya wa dakika kadhaa naujua unavyoumiza. Kwa kazi ya marubani ulikuwa wakati uliojaa shughuli: kufunga breki ya kuegesha, kuuambia mnara, kutazama kama kuna moto, kusoma orodha ya ukaguzi, kuamua kama watu watoke kwa slaidi, yaani mteremko wa mpira wa kutokea wakati wa dharura, au wabaki. Neno la "bakini kwenye viti" lilikuwa uamuzi, tena muhimu. Kutoa watu kwa slaidi huvunja vifundo vya miguu na kukwangua ngozi, na chini kuna injini ambayo huenda bado inazunguka. Hufanywa pale tu kukaa ndani kunapokuwa hatari zaidi, kama ilivyokuwa Las Vegas mwezi Septemba 2015, injini ya ndege ya Boeing 777 ilipopasuka na kuwaka ikiwa bado kwenye mwendo mdogo. Walisimama na watu wote 170 wakatoka. Hata hivyo nitasema: sentensi moja ya rubani ndani ya dakika mbili za kwanza, "tumesimama kwa hiari yetu, hakuna moto, nitarudi kwenu", ingewatuliza nyote. Wapo marubani wanaolisahau hili, na mafunzo yao yanasisitiza wasilisahau.

Harufu ilikuwa ya breki, pengine na hewa chafu ya injini iliyorudishwa mbele ikavutwa na mfumo wa kupoza hewa. Breki za ndege nyingi ni visahani vya kaboni vilivyopangwa kama tabaka, na kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto. Zimamoto huitwa kama desturi. Hufika na kupima joto la magurudumu kwa kifaa, bila kuyasogelea kwa ubavu, kwa sababu tairi lililopata joto kupita kiasi linaweza kupasuka. Ili lisipasuke, magurudumu yana vizibo vidogo ambavyo huyeyuka vyenyewe joto likizidi na kuiachia gesi itoke taratibu. Wakati wa kuidhinisha ndege mpya, jaribio hufanywa kwa breki zilizolika hadi kubakiza asilimia 10 tu ya uhai wake, ndege ikiwa na uzito na kasi ya juu kabisa, na baada ya kusimama zimamoto hawaruhusiwi kuigusa kwa dakika tano. Lazima ijimudu yenyewe muda huo. Ninyi hamkufika hata karibu na hali hiyo.

"Kwa nini hawakuikagua mapema?" Waliikagua. Rubani huizunguka ndege kwa miguu kabla ya kuondoka, na mifumo hujipima yenyewe inapowashwa. Lakini kuna hitilafu zisizojitokeza mpaka injini zifike nguvu kamili, mtikisiko uanze na hewa ianze kusukuma milango na vitambuzi. Waya wenye kiungo kilicholegea unaweza kuonyesha kila kitu sawa ndege ikiwa maegeshoni na kuleta hitilafu kwenye sekunde ya kumi ya mbio. Zile sekunde za mwanzo, kabla ya mpaka niliokueleza, zimewekwa kwa kusudi hilohilo pia: ni kipimo cha mwisho kinachofanyika mahali ambapo kusimama hakugharimu kitu kikubwa.

Sasa zile saa sita. Hapa watu wengi hufikiri kwamba urefu wa kungoja unapima ukubwa wa tatizo. Haupimi. Sehemu kubwa ya muda huo huliwa na mambo yanayotokana na kusimama kwenyewe.

La kwanza ni joto. Ndege hairuhusiwi kujaribu kuruka tena breki zikiwa bado za moto, kwa sababu ikilazimika kusimama mara ya pili hazitakuwa na nafasi ya kumeza joto jingine. Na joto la breki lina tabia moja inayowashangaza abiria: sufuria nzito ukishaiepua jikoni, mkono wake huendelea kupata moto kwa muda, na magurudumu nayo ni hivyohivyo. Joto linasafiri kutoka kwenye visahani kuingia kwenye gurudumu na tairi, na kilele chake huja kama robo saa baada ya kusimama. Marubani wana jedwali linalowapa muda wa kungoja kulingana na uzito, kasi na joto la hewa. Kwa mwendo kama wenu inaweza kuwa nusu saa au zaidi kidogo. Kwa kasi kubwa huvuka saa nzima, na magurudumu hukaguliwa moja moja na huenda yakabadilishwa.

Halafu mafundi. Lazima hitilafu iandikwe kwenye kitabu cha ndege, na tangu ilipoandikwa ndege si ya rubani tena mpaka fundi mwenye leseni aitie sahihi. Fundi husoma kompyuta ya ndege, hutafuta chanzo, hubadilisha kifaa au husafisha kiungo, kisha hupima, na mara nyingine huwasha injini kwa nguvu mbali na majengo. Kifaa kisipokuwepo hapo, kinaletwa. Kuna pia orodha iliyoidhinishwa ya vifaa ambavyo ndege inaweza kuruka bila kimojawapo kwa siku chache, kwa masharti. Kuamua kama chenu kimo, na kutimiza masharti yake, nako ni kazi ya makaratasi na simu. Kisha mafuta yaliyochomwa hurudishiwa, hesabu za uzito na kasi hufanywa upya, na safari huombewa nafasi nyingine angani.

Katikati ya haya yote saa ya kazi ya marubani na wahudumu inaendelea kukimbia. Haisimami kwa sababu ndege imesimama. Chini ya kanuni za Ulaya zamu ya siku kwa marubani wawili haizidi saa 13 kwa kawaida, na hupungua wanapoanza usiku au wakiwa na safari nyingi siku hiyo; Marekani ni kati ya saa 9 na 14 kutegemea saa ya kuanza. Zamu huanza walipofika kazini, si ndege ilipoondoka. Kwa hiyo sina sababu ya kuamini kwamba marubani wa kwanza waliikataa ndege ile. Jibu la kawaida kabisa ni kwamba saa zao ziliisha au zingeisha njiani, na shirika likaita wengine. Nahodha ana haki ya kuikataa ndege, lakini akiikataa kwa sababu za usalama, hata wa pili hatairusha kabla kilichokataliwa hakijarekebishwa, kwa sababu maandishi yako mbele yake.

Na ndege ileile? Baada ya kukaguliwa, kurekebishwa na kutiwa sahihi, ndiyo ndege iliyochunguzwa kwa karibu kuliko zote uwanjani siku hiyo. Ningepanda. Abiria ana haki ya kusema hapandi, nami simlaumu anayesema hivyo, ila ajue kwamba kwa sababu za kiusalama mzigo wake lazima utafutwe na kushushwa, na wenzake watangoja tena.

Kuhusu muda mliofungiwa ndani kwa joto, hapa niko upande wako moja kwa moja. Ipo sababu ya kuwaweka abiria ndani mwanzoni: mafundi wakisema "dakika ishirini", kuwashusha watu na kuwapandisha tena hula muda mwingi kuliko huo. Tatizo ni dakika ishirini zinapozaa ishirini nyingine. Saa mbili bila hewa ya kupoza, na mtoto, ni usimamizi mbovu. Mashine ndogo ya mkiani inayotoa umeme na hewa ingeweza kuwashwa, au ndege ingeunganishwa na mitambo ya uwanjani, au mngeshushwa. Marekani, kwa mfano, sheria inadai abiria wapewe maji na chakula kidogo ndani ya saa mbili, na wapewe nafasi ya kushuka kabla ya saa tatu kwa safari za ndani au saa nne kwa za kimataifa. Lalamika juu ya hili waziwazi. Usilichanganye na breki, kwa sababu shirika litakujibu kwa kueleza usalama wa breki na kuyaacha mengine.

Fidia inategemea safari yenu ilianzia na kuishia wapi, nawe hukunitajia. Kwa safari za kimataifa kati ya nchi wanachama wa Mkataba wa Montreal wa 1999, shirika linawajibika kwa hasara iliyotokana na kuchelewa, isipokuwa lithibitishe lilichukua hatua zote za busara kuizuia. Ukomo wa dai ni SDR 6,303 kwa abiria tangu mwisho wa Desemba 2024, SDR ikiwa kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Neno kuu hapo ni hasara: chumba ulicholipia, chakula, usafiri uliokupita, kwa risiti. Hofu na usumbufu peke yake kwa kawaida havilipwi. Una miaka miwili ya kufungua shauri.

Kama mliondoka kwenye uwanja wa Umoja wa Ulaya, au mlikuwa mnaelekea huko kwa shirika la huko, mambo ni mepesi zaidi. Kanuni namba 261 ya 2004, kama Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilivyoitafsiri mwaka 2009, inampa anayefika akiwa amechelewa saa tatu au zaidi kati ya euro 250 na 600 kulingana na umbali, bila kuonyesha risiti. Mashirika hupenda kujibu kwamba "hitilafu ya kiufundi" iliwazidi uwezo. Mahakama hiyohiyo ilikwisha kusema mwaka 2008 kwamba hitilafu za kawaida za ndege ni sehemu ya biashara yao, hazihesabiki kuwa tukio la ajabu. Kugongwa na ndege wa angani, yaani viumbe, ni jambo jingine. Hilo lilikubaliwa mwaka 2017 kuwa tukio la ajabu. Kwa hiyo sababu iliyoandikwa ina uzito wa pesa. Marekani hakuna sheria inayolazimisha fidia taslimu kwa kuchelewa, ila anayeamua kutosafiri baada ya kucheleweshwa saa tatu kwa safari ya ndani, au sita kwa ya kimataifa, hurudishiwa nauli.

Fanya hivi: andikia shirika wiki hii, omba sababu ya kuchelewa kwa maandishi, ambatisha pasi za kupandia na risiti. Wakikaa kimya au wakikukatalia bila maelezo, peleka malalamiko kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi mlikoondokea. Hasara ikiwa kubwa, au kama kuna aliyeumia, nenda kwa mwanasheria ana kwa ana, maana mimi ni mtu wa ndege na masharti ya tiketi yako sijayaona.

Nikuulize nawe: shingo zenu zikoje? Breki za namna ile zinaweza kukaza misuli ya shingo na mgongo. Maumivu ya siku chache huisha. Lakini ganzi mikononi, kichwa kinachouma kila siku, kizunguzungu au maumivu yanayozidi badala ya kupungua vinahitaji daktari akuguse, si maandishi yangu. Maelezo ya daktari hutumika pia kwenye dai, kwa kuwa jeraha la mwilini ndani ya ndege lina kifungu chake katika mkataba ule.

Kwa mtoto, mwambie ukweli kwa maneno mafupi: taa iliwaka, rubani akasimamisha ndege, mafundi wakatengeneza. Usimwambie "haitatokea tena", kwa sababu huwezi kuahidi, naye atakukumbusha. Mwache acheze tukio lile kwa vigari vyake kama anataka. Watoto wengi huipunguza hofu kwa namna hiyo. Mkisafiri, hesabuni tena, ila mhesabu mpaka arobaini, maana mbio nzima huchukua kama sekunde 30 hadi 40 na ni vizuri ajue mwisho wake ulipo. Mwambie mhudumu mlangoni kilichowapata. Wengi watakuja kumwona, na baadhi huweza kumwomba rubani amsalimie mtoto kabla milango haijafungwa. Viti vya karibu na mabawa hutikisika kidogo kuliko vya nyuma.

Ndoto mbaya na kung'ang'ania mzazi kwa wiki chache ni kawaida, kwake na hata kwako kwa namna yake. Zikipita mwezi mmoja hazipungui, au zikianza kuharibu usingizi, shule au kazi, tafuteni mshauri wa afya ya akili, na kwa mtoto awe anayefanya kazi na watoto; hofu ya ndege ni miongoni mwa zinazotibika vizuri kwa mazungumzo na mazoezi ya hatua kwa hatua. Usimpe dawa ya usingizi ili tu apande, isipokuwa daktari wake ameisema, na wewe usitulize roho kwa pombe kabla ya safari. Tarehe ikikaribia na mmoja wenu bado hayuko tayari, pigia shirika siku kadhaa mapema uulize masharti ya kubadilisha tiketi, kwa sababu asiyetokea uwanjani bila taarifa mara nyingi huipoteza tiketi yote.